Sindano ya Ng'ombe, Paja la Mtu

Mimi hakuna kitu kinachonishtua. Nimewahi kukuta fisi watatu kwenye njia ya kutoka mnadani, nikawapita napiga mluzi. Niliibiwa ng'ombe, nikafuata kwato zao mpaka kwenye vichaka vya Itigi, kule ambako mtu anapita ubavu ubavu, nikarudi nao wote. Nimewahi kufilisika mpaka nikauza kitanda, na nikainuka tena. Kwa hiyo wewe unayesoma habari hii ujue haijaandikwa na mwoga. Imeandikwa na Baba Elia wa Kinyangiri, mnunuzi wa ng'ombe, kwa mkono wangu mwenyewe. Mke wangu amesaidia kuweka nukta tu.

Nawaandikia wafugaji wenzangu, na yeyote aliyelazwa leo anayetazama dari akidhani yake imeisha. Mimi nililala hapo. Leo natembea.

Kwanza mjue nilivyokuwa. Darasa la nne niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Nilichunga ng'ombe wa watu mpaka nikalipwa mtamba mmoja, na kutoka kwa mtamba yule nimejenga nyumba ya malumalu, nimenunua pikapu, na watoto wangu wote wamesoma. Mnadani nikifika, bei inatulia. Namtazama ng'ombe mara moja tu nakwambia kilo zake, na mzani ukija unakubaliana na mimi.

Kazi yangu ya pembeni ndiyo iliyonipa jina. Nilikuwa nachoma ng'ombe sindano. Wangu, wa jirani, wa kijiji cha pili. Bwana mifugo ana vijiji vingi, mimi nilikuwa hapa hapa na bomba la sindano nilikuwa nalo. Watu wakaanza kuniita Dokta. Sikuwakataza.

Bomba langu halikuwa haya ya plastiki ya kutupa. Lilikuwa la chuma na kioo, la kukaza kwa skrubu, niliuziwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mifugo. Na mimi kwa usafi sina mpinzani. Bomba lilikuwa na sufuria yake peke yake, ambayo mke wangu haruhusiwi kuchemshia hata chai. Nilikuwa nalichemsha mpaka maji yanarukaruka. Likipoa nafuta sindano kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Halafu ile ngozi ya ndani, ile inayosukuma dawa, naipaka samli kwa kidole ili isikwame. Wafugaji wengi mnajua jambo hili, msijifanye hamlijui. Bomba bila samli linakwaruza, dawa haishuki.

Sasa kiangazi kile nilikuwa napakia ng'ombe kwenye lori, dume moja likanibana kwenye ubao. Mgongo ukakamata. Nikaenda zahanati, nikapewa vidonge. Nikameza, maumivu yapo. Nikasema vidonge ni vya watoto, mimi nataka sindano. Nikachukua ile dawa ya njano ya ng'ombe iliyobaki kwenye chupa, nikachemsha bomba.

Mke wangu, Mama Elia, alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Akaniangalia.

"Baba Elia, hiyo ni ya ng'ombe."

"Na mimi ni fahali."

"Fahali analala zizini. Usije ukaniletea matatizo ndani."

Nikacheka. Nikakaa kwenye kigoda, nikashusha suruali, nikachoma paja la kushoto kama ninavyochoma ndama. Sikukunja hata uso. Nikasimama, nikaenda kuangalia watu wanavyokamua.

Siku hiyo paja liliuma kidogo, nikasema ni kawaida ya dawa. Asubuhi iliyofuata lilikuwa zito kama limefungiwa jiwe. Nikajikaza, nikaenda kwenye shughuli zangu, nikarudi nachechemea. Mchana wake homa ikaja, jasho la baridi, moyo unakimbia wakati nimekaa. Ngozi ilianza kung'aa, ikawa ya rangi ya shaba, kisha yakatokea malengelenge yenye maji meusimeusi. Na maumivu, jamani! Nimevunjika mbavu, nimekanyagwa na ng'ombe. Maumivu yale hayakuwa ya ukoo huo. Shuka likigusa, naona nyota.

Mama Elia akaja na maji ya moto na kitambaa ili anikande. Akabonyeza pembeni ya uvimbe kwa kidole gumba. Akaacha. Akabonyeza tena.

"Baba Elia, mbona ndani kunalia?"

"Kunalia nini?"

"Kama maganda ya karanga. Sikiliza."

Akabonyeza. Nikasikia. Chap, chap, chap, chini ya ngozi yangu.

Hapo ndugu zangu nilishtuka. Kila mfugaji anaujua mlio ule. Ndiyo chambavu. Ng'ombe mzuri, mnene, kijana, anaanza kuchechemea asubuhi. Unamshika paja limevimba, unabonyeza, hewa inalia ndani ya nyama. Jioni amelala, kesho yake unachimba shimo. Nimeshika mapaja ya namna ile sijui mangapi, na kila mara nilimwambia mwenye ng'ombe, "Huyu usimnunulie dawa, unapoteza hela yako." Sasa mkono ulikuwa kwenye paja langu mwenyewe.

Nikamwambia mke wangu, "Mwite shemeji aje na pikapu. Sasa hivi."

Akaniangalia machoni. Tangu tuoane hakuwahi kunisikia nikisema sasa hivi kwa sauti ile. Akatoka anakimbia, kanga inamwanguka.

Shemeji Hamisi, mdogo wake Mama Elia, ndiye aliyeendesha. Nililazwa nyuma juu ya godoro, kichwa kwenye mapaja ya Mama Elia. Kila shimo la barabara nililihesabia matusi. Tukapitia kituo cha afya cha karibu. Tabibu akafunua shuka, akanusa, akafunika. Hakuuliza maswali mengi. Akanitundikia dripu, akanichoma dawa, kisha akachukua kalamu ya wino akachora mstari kwenye paja, mahali weusi ulipoishia.

"Huu mstari wa nini?" nikauliza.

"Wa kumwonyesha daktari ulikuwa wapi ulipotoka hapa. Endesheni, msisimame popote."

Hamisi aliendesha kama kaiba gari. Mama Elia alikuwa ameshika chupa ya dripu juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananikinga vumbi kwa kanga. Alikuwa anasali kwa Kinyiramba. Mimi nilikuwa natazama mstari.

Tulipofika hospitali, jina lake nitaliacha, weusi ulikuwa umeuvuka mstari. Ulikuwa umeuacha nyuma kiasi cha kiganja cha mtoto.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alibonyeza, akasikia maganda ya karanga, akanyanyua macho.

"Nani alikuchoma sindano hapa?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe ni nani?"

"Kwetu wananiita Dokta."

"Dokta wa wapi?"

Mama Elia akadakia, "Wa zizini."

Daktari hakucheka. Akatueleza wazi wazi, na nashukuru hakuzunguka. "Baba, kuna vijidudu ndani ya nyama vinakula na kutoa hewa. Dawa peke yake haifiki, kwa sababu nyama iliyokufa haina damu ya kuipeleka. Lazima nifungue nitoe yote iliyokufa. Nikikuta imekufa hadi juu, nautoa mguu. Ikishavuka nyonga, sina tena pa kukata."

"Mguu utabaki?" akauliza mke wangu.

"Sijui, mama. Kila tukikaa hapa tunaongea, uozo unapanda."

Mama Elia akaweka sahihi.  

Wakanipeleka chumba cha upasuaji. Wakanichoma sindano ya mgongo, miguu ikaondoka, nikabaki mtu wa kiunoni kwenda juu. Mkono wa kulia ulikuwa na dripu, umefungwa kwenye ubao. Wa kushoto waliniambia niuweke kifuani, nisiuondoe. Wakanitandikia vitambaa vya kijani. Paja langu likabaki peke yake katikati, jeusi, linatoa harufu tamu ya kuoza ambayo mpaka leo nikikumbuka chakula kinanishinda.

Muuguzi wa mle ndani aliitwa Sista Rehema. Mwanamke mrefu, mkali, mdomo umefunikwa lakini macho yanasema yote. Alikuwa amesimama kwenye meza ya vyuma, karibu na bega langu la kushoto. Meza imetandikwa kitambaa cha kijani, juu yake visu, mikasi na koleo vimepangwa. Daktari alikuwa ameinua mikono yenye glavu, maji ya dawa yameshapakwa pajani. Kazi inaanza.

Nikaona pembe ya kile kitambaa cha meza inateleza. Inashuka, na mkasi mmoja unaifuata, unakaribia ukingoni. Mimi ni mtu wa kazi. Ng'ombe akiteleza kwenye daraja la lori, mkono wangu unafika kabla ya akili. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaushika mkasi, nikaurudisha juu ya meza, nikauweka vizuri katikati ya wenzake.

"We baba!"

Chumba kizima kikasimama. Sista Rehema alirudi nyuma, mikono juu, kana kwamba nimemwaga moto.

"Nimeudaka," nikasema. "Ungeanguka."

"Bora ungeanguka! Umeshika meza yangu!"

"Mikono yangu misafi, Sista. Niliosha kwa sabuni pale nje."

"Misafi!" Akamgeukia daktari. "Dokta, seti yote imeondoka. Aliweka katikati."

Daktari akafumba macho kidogo. "Nyingine?"

"Iko kwenye mvuke. Ni ile tuliyotumia kwa mama wa asubuhi. Bado haijatimiza muda."

Daktari akatazama paja. Akaomba kalamu, mtu mwingine akachora mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Sikuweza kuona vizuri, nikauliza, "Umefika wapi?" 

Nikasema kwa nguvu, "Nikateni hivyo hivyo! Mguu wenyewe umeshaoza, mkono wangu utaongeza nini?"

 Nilimwona daktari anapima moyoni. Anatazama mstari, anatazama vyuma. Kisha akasema taratibu, "Baba, ninapokata leo naingia kwenye nyama nzima, na ndani ya nyama nzima kuna mshipa mkubwa. Nikipeleka huko kilicho kwenye mkono wako, nitakuokoa leo nikuzike wiki ijayo. Tunasubiri mvuke. Ongezeni dawa kwenye dripu."

Tukasubiri. Nimewahi kusubiri mvua mwaka ambao ng'ombe wanakula maboksi. Kungoja kule hakukuwa kurefu kama huku. Ile sindano ya mgongo nayo ina mwisho wake, walisema wenyewe, na mimi nilikuwa najaribu kusogeza vidole vya miguu nione kama vimerudi.

Ili nisilie mbele ya wanawake, nikaanza kubishana.

"Sista, nieleze. Mkono umeoshwa kwa sabuni, unaonekana mweupe. Una nini?"

"Ni msafi," akasema. "Na humu hatufanyi kazi kwa safi. Safi ni uchafu umepungua. Sisi tunataka vyombo tasa."

"Tasa kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe. Kitu kisicho na chochote hai juu yake, wala chochote kitakachokuja kuzaa baadaye. Hakuna tasa kidogo, hakuna tasa sana. Kimeguswa na kisichokuwa tasa, kimekwisha. Ndiyo maana sikukuuliza uliosha mara ngapi."

"Basi si mngechemsha tu vyuma, dakika chache. Mimi langu nachemsha."

Macho ya Sista yakanigeukia polepole. "Lako lipi?"

Nikamweleza. Bomba, sufuria yake, maji yanayorukaruka, kitambaa cha pasi. Nilieleza kwa fahari, maana nilikuwa bado naamini. Nikafika kwenye samli.

"Samli ya nini?"

"Ya ng'ombe wangu. Safi kabisa."

 Daktari ndiye aliyesema, bila kugeuka, mikono yake bado juu kifuani, "Sasa nimejua hicho kijidudu kimeingiaje."

Ndipo nikafundishwa, nimelala, nusu yangu imekufa ganzi. Kijidudu hiki kinakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya ng'ombe. Si chambavu yenyewe, ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Kikiona mazingira mabaya kinajifungia ndani ya ganda, kinakuwa mbegu. Mbegu ile unaichemsha, inakaa. Unazima moto, bado ipo. Na huku kwetu nyanda za juu, Sista akasema, maji yanachemka hata kabla hayajapata joto lake kamili, kwa hiyo kurukaruka kwake kunanidanganya mimi, hakumdanganyi kijidudu. Halafu baada ya kuchemsha nachukua kitambaa na kidole na samli ya zizini, nampakia upya. Kisha namsindikiza ndani kabisa ya nyama, kusiko na hewa, mahali anapopapenda.

"Sasa nyinyi mnamuuaje?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Kwanza dawa ya klorini, ili hata anayeosha asiumie. Kisha tunasugua kwa brashi na sabuni, kila kiungo cha mkasi kinafunguliwa. Damu ikibaki, au mafuta, mvuke haupiti, kijidudu kinajificha chini yake kama chini ya blanketi. Tunasuuza, tunakausha, tunafunga kwenye kitambaa mara mbili. Ndipo kinaingia kwenye mtungi wa mvuke, mfuniko unakazwa. Mvuke ukikosa pa kutokea unapata presha, joto linapita mbali lile la sufuria yako. Chombo kinakaa humo nusu saa kamili baada ya joto kufika, si kabla. Halafu kinakauka humo humo. Na nje ya furushi kuna utepe. Mistari ikigeuka myeusi, tunajua limepita motoni."

"Na ukiharakisha?"

"Hatuharakishi."

Mlango ukafunguliwa. Furushi likaja limebebwa kwa koleo kwenye sinia. Nikasema asante Mungu. Sista akalisogelea bila kuligusa. Akatazama utepe, mistari ilikuwa myeusi. Akainama zaidi.

"Limelowa."

"Kidogo tu pembeni," akasema aliyelileta. "Nilijua mna haraka."

"Limelowa. Rudisha."

Nikapiga kelele. "Sista! Limetoka kwenye moto wako mwenyewe!"

"Kitambaa kikilowa kinafyonza. Lilivyopita kwenye korido limefyonza korido nzima. Hili siyo tasa tena, baba."

Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.  Daktari akaomba mstari mwingine. Safari hii nilisikia walivyonong'ona. Ulikuwa umekaribia kinena.

Nilifikiria kitu cha kijinga. Nilifikiria ngazi ya nyumba yangu, ile ya malumalu, ambayo nilijisifu sana fundi alipoimaliza. Nikajiona mguu mmoja chini yake.

Daktari akasema, "Wodi ya wazazi wana nini?"

Sista alikwenda mwenyewe kwenye simu ya ukutani, mwingine akamshikia kwenye sikio ili asiguse. Nikasikia upande wake tu. "Una mafurushi mangapi? ... Najua una mama. ... Moja, mwenzangu. Moja tu. ... Makavu? Utepe? ... Mlete mtu anakimbia lakini asilikumbatie."

Akaturudia. "Mkunga ana mawili. Ametoa moja. La pili amesema hata aje nani, ana mama anakaribia."

Furushi la wazazi lilipofika, Sista alilikagua kama mimi ninavyokagua fahali wa bei kubwa. Utepe. Mkunjo. Pembe. Hakuna tone. Alilifungua akikunjua kona ya mbali kwanza, mkono wake haukupita juu yake hata mara moja. Ndani kulikuwa na mikasi ya kukatia kitovu, koleo, vitambaa. Wakaongeza kisu kipya kwenye karatasi yake, na glavu mpya kwa wote wawili. Halafu mkono wangu wa kushoto ukafungwa kwenye ubao kama wa mwizi. Sikubisha.

Daktari akakata.

Sikuhisi maumivu, ila nilisikia. Hewa ilitoka, fyuu, kama tairi. Harufu ikajaa. Kisha nikawa namsikiliza daktari tu, maana nilijua anatafuta nini. Nyama iliyokufa haitoi damu. Yeyote aliyechinja anajua.

"Haitoi. Toa hii. Haitoi. Toa. Bado."

Vipande vilikuwa vinaanguka kwenye beseni. Nilikuwa nasikia kila kimoja.

"Bado. Haitoi. Bado."

 Sista anampa chuma, anapokea chuma. Daktari alipanda, akapanda tena, nikahisi mikono yao inavuta karibu na nyonga. Nikafumba macho. Nikaanza kuwaaga Elia na wadogo zake kichwani, mmoja mmoja.

"Hapa," akasema daktari. "Subiri. Hapa... inatoka. Nyekundu. Na nyama imeruka."

"Inatoka?" nikauliza.

"Inatoka, baba. Hii ni hai."

Nikalia mbele ya wanawake.

Walisimama chini ya nyonga, upana wa vidole tu. Mfupa ulibaki, mshipa mkubwa ulibaki, mguu ulibaki. Nyama ya mbele ya paja karibu yote iliondoka. Nilirudishwa mezani mara kadhaa wakatoa masalia, na kila mara nilinyoosha mikono mwenyewe wafunge kabla hawajaniambia.

Kidonda kiliachwa wazi wiki nyingi. Kila siku kinafunguliwa na kufungwa upya, na mimi nikawa polisi wa wodi. Muuguzi mwanafunzi akija na bandeji, nauliza utepe uko wapi. Jamaa yangu mmoja kutoka nyumbani aliniletea asali na samli ya kupaka, kwa mapenzi. Nikamwambia asali nitakula, samli peleka kwa shemeji yako Mama Elia akaangie chapati. Alikasirika, sasa tumepatana. Baadaye wakachuna ngozi paja la kulia wakaibandika la kushoto. Ikashika. Daktari alisema ni mara chache ameona ngozi ya mtu wa umri wangu ikishika vile. Sikushangaa, mimi damu yangu ni nzuri.

Siku ya kwanza kusimama, Mama Elia alikuwa upande mmoja na Hamisi upande wa pili. Mguu ulitetemeka kama wa ndama mpya. Mke wangu akasema, "Haya, Dokta wa zizini, tembea." Nikatembea mpaka dirishani na kurudi. Leo nachechemea kidogo wakati wa baridi, lakini mnadani nasimama kutwa, na ngazi yangu napanda bila kushika ukuta.

Sasa nawaambia, na nikisema mimi mnajua nimesema. Dawa ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe. Sindano ya mtu achome mtaalamu, kwa bomba jipya litokalo kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, na likishatumika litupwe palipowekwa. Hata ng'ombe wako, mwite bwana mifugo, umsubiri. Ndama wachanjwe chambavu kabla ya msimu. Usiamini kitu kwa sababu kinang'aa au kimechemka. Umechomwa sindano au umejikata, mahali pakavimba, pakauma kupita kiasi na pakalia ukibonyeza, usikande, usipake, usisubiri asubuhi. Panda gari. Na ukiwa mezani, usimsaidie mtu yeyote kushika chochote, hata paa likianguka.

Bomba langu nililikabidhi kwa bwana mifugo, akaliharibu mbele yangu. Watu bado wananiita Dokta. Sasa nina haki kidogo, maana Kinyangiri nzima hakuna anayejua zaidi yangu nini maana ya tasa, na mimi ndiye mwanaume pekee ninayemfahamu aliyeokolewa kwa mikasi ya wakunga.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule mfupi, na mkunga ambaye uso wake sikuuona. Mama yule aliyekuwa anakaribia alijifungua salama, niliuliza. Namshukuru Sista Rehema kwa kunikatalia. Namshukuru Mama Elia, na hili la kwake nitamwambia mwenyewe.

Mnadani wananiuliza, mguu ulikula kiasi gani? Sifichi. Nimenunua ng'ombe maisha yangu yote na sijawahi kununua bila kuvuta bei, lakini mguu huu, ambao ulikuwa wangu tangu kuzaliwa, niliununua kwa bei waliyotaja. Ukijumlisha upasuaji, dawa, kitanda, mafuta ya pikapu, na seti mpya ya kuzalishia niliyowapelekea wakunga, umenigharimu shilingi milioni nne, laki tatu, elfu kumi na nane na mia saba.